Mzunguko wa slabu umefika siku 23 badala ya 14: tuanze na lean, au tununue programu?

Fomeni_Kinyerezi

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii.

Jengo lina sakafu ya chini na ghorofa nne, liko Dar. Slabu (sakafu ya zege) ya kila ghorofa ni mita za mraba 380, unene milimita 150, juu ya boriti na nguzo za zege. Ratiba kuu inasema siku 14 kutoka slabu hadi slabu. Ghorofa ya kwanza imechukua 23. Mafundi nondo walikaa wakisubiri maseremala wamalize kupanga marine board, yaani mbao za plywood zinazoshikilia zege likimwagwa. Fundi umeme alifika na paipu zake asubuhi ya kumwaga zege. Mhandisi mshauri anayekagua kazi anataka taarifa saa 24 kabla ya ukaguzi na ilipelekwa jioni ya siku hiyo hiyo. Biskuti za kuinulia nondo nazo zilikuwa hazijafyatuliwa.

Mwenye mradi amesikia habari za lean, yaani kuendesha kazi kwa kupunguza upotevu na kusubiri, na anataka tununue programu ya kusimamia ujenzi inayolipiwa kila mwezi kwa kila mtumiaji. Kwa sasa tuna kundi la WhatsApp lenye watu 31. Mnashauri tuanzie wapi? Naomba hatua zinazoshikika.

---

Mpanga_Ratiba

Mkuu, programu iache kwanza. Mambo yote manne uliyoyataja ni ahadi ambazo hakuna aliyeziomba mapema, na programu haiwezi kuomba ahadi. Itakachofanya ni kukuonyesha ucheleweshaji kwa rangi nyekundu ukiwa umeshatokea.

Chanzo cha fikra hii ya lean kwenye ujenzi ni ripoti ya Lauri Koskela aliyoiandika Stanford mwaka 1992. Alisema ujenzi tunautazama kama rundo la kazi, ilhali ni mtiririko, na muda mwingi unapotea kazi ikiwa imelala inasubiri mtu, kifaa au jibu. Glenn Ballard na Greg Howell wakaja na mfumo wa Last Planner. Maana yake ni mpangaji wa mwisho, yaani yule anayeamua nani afanye nini kesho asubuhi. Kwenye saiti yako huyo ni fundi mkuu wa kila fani, wala siyo mtu wa ofisini mwenye ratiba ya misitari. Vipimo vya mwanzo vya Ballard kule Marekani vilionyesha kuwa takriban nusu tu ya kazi zilizoahidiwa kwa wiki ndizo zilizokamilika, na hizo zilikuwa kampuni zenye kompyuta na wapanga ratiba wa kulipwa. Kwa hiyo usidhani ni ugonjwa wa Dar.

Fanya hivi kwa slabu ya pili. Ita mafundi wakuu wote: seremala, nondo, umeme, bomba, msimamizi wa zege. Tafuta ukuta na vikaratasi vya kubandika, kila fani rangi yake. Bandika kikaratasi cha "kumwaga zege" upande wa kulia kabisa, halafu rudi nyuma. Muulize aliye wa mwisho: ili umwage, unataka nani awe amemaliza nini? Kila mtu aandike mwenyewe kikaratasi chake: kazi gani, siku ngapi, watu wangapi, na anahitaji nini kutoka kwa nani. Usiwaandikie. Fundi umeme akiandika kwa mkono wake kwamba anahitaji siku moja kati ya nondo za chini na za juu, hatakuja tena asubuhi ya zege.

Sasa gawa sakafu kanda mbili, A na B, mita za mraba 190 kila moja. Ukiifanya nzima, maseremala wanatumia siku 8, nondo pamoja na paipu siku 8, zege siku 1: jumla 17, na nusu ya muda fani moja imekaa. Kwa kanda mbili na mwendo wa siku 4 kwa kila fani, maseremala wako A siku ya 1 hadi 4, kisha B siku ya 5 hadi 8. Nondo na umeme wanawafuata nyuma, A siku ya 5 hadi 8 na B siku ya 9 hadi 12. Unamwaga A siku ya 9 na B siku ya 13. Nguzo za juu ya A zinaanza siku ya 10 zikiwa na kikosi chake kidogo. Watu ni walewale, ila hakuna fani inayomkalia mwenzake mgongoni.

Kiungo cha zege kati ya A na B lazima injinia wa miundo akipange. Kwa kawaida hukaa theluthi ya katikati ya upana kati ya boriti na boriti, mahali nguvu ya kukata ni ndogo. Kizuie kwa ubao uliotobolewa nondo zipite. Usiache zege limwagike lisimame lenyewe kwa mteremko. Siku ya pili utakuwa na ukingo mwembamba unaovunjika kwa mkono, na maji yatapita hapo miaka yote.

---

Zege_na_Mirunda

Nakubaliana na Mpanga_Ratiba, ila hesabu yake inakufa kama mirunda, yaani nguzo za muda zinazoshikilia slabu kwa chini, haitoshi.

Kiwango cha Uingereza cha BS 8110, kilichoondolewa rasmi huko mwaka 2010 ila mainjinia wengi wetu bado wanakitumia, kinaruhusu zege lenye joto la nyuzi 16 na zaidi kutolewa mbao za pembeni baada ya saa 12, mbao za chini ya slabu baada ya siku 4, mirunda ya slabu na mbao za chini ya boriti baada ya siku 10, na mirunda ya boriti baada ya siku 14. Hiyo ni kwa saruji ya kawaida, na mwenye neno la mwisho ni injinia wako na matokeo ya vipande vya majaribio.

Tazama maana yake. Kanda A imemwagwa siku ya 9, kwa hiyo marine board zake ziko huru siku ya 13. Zinapanda juu, mzunguko unakuwa siku 12. Board moja ya 1220 kwa 2440 inafunika karibu mita za mraba 3, hivyo kanda inataka 64, mbali na za boriti. Lakini mirunda ya A bado imebanwa hadi siku ya 19, na ya boriti hadi 23. Ukipanga mirunda kila mita 1.2 pande zote mbili, kanda moja inakula karibu 132. Kanda mbili kwa sakafu mbili ni zaidi ya 520. Je, unayo? Wengi wana seti moja na nusu, na hapo ndipo siku 14 zinapogeuka 23 huku lawama zikimwangukia fundi nondo.

Jambo la pili ambalo linavunja majengo: kung'oa mirunda yote, kutoa mbao, kisha kuirudisha mirunda, siyo sawa na kutoiondoa. Slabu changa ikiachwa wazi hata kwa saa moja imeshabeba uzito wake na imeshalegea. Panga ukanda mwembamba wa ubao juu ya kila mstari wa mirunda, halafu board kubwa zikae katikati ya vipande hivyo vyembamba. Siku ya 4 unatoa board kubwa tu, ukanda na mirunda yake havijaguswa. Hili linaamuliwa siku ya kwanza ya useremala. Siku ya kubomoa umeshachelewa.

---

Mkadiriaji_Majenzi

Naongezea upande wa vifaa, maana upotevu mwingi uko pale na unapimika kwa kilo.

Nondo inakuja mita 12. Chukua mfano wa nondo za milimita 16: orodha inataka vipande 80 vya mita 4.15 na vipande 60 vya mita 3.6. Fundi akikata kila aina peke yake, 4.15 zinatoka mbili kwa nondo na kipande cha mita 3.7 kinalala uani. Hizo ni nondo 40. Za 3.6 zinatoka tatu kwa nondo, nondo 20. Jumla 60. Sasa changanya: mbili za 4.15 na moja ya 3.6 ni mita 11.9. Nondo 40 zinatoa 4.15 zote 80 pamoja na 3.6 arobaini, na 3.6 ishirini zilizobaki zinataka nondo 7. Jumla 47. Umeokoa nondo 13, karibu kilo 246 za chuma, kwa karatasi moja na kikokotoo. Jedwali la kompyuta linaweza kulifanya hili kwa orodha nzima ya slabu, na kuna programu za bure za kupanga ukataji. Sharti ni kwamba orodha ya ukataji itoke ofisini na fundi apewe mpangilio uliokwisha hesabiwa. Akipewa michoro tu akakate, atakata kwa aina.

Kuhusu kuleta vifaa kwa wakati wake, watu huelewa vibaya wakadhani maana yake ni stoo tupu. Slabu ya kanda moja ni mita za ujazo 28.5, mbali na boriti. Kwa mifuko 7 hivi kwa mita ya ujazo, ni karibu mifuko 200. Ukiagiza asubuhi ya zege na lori likakwama Ubungo, watu 40 wanakaa. Ukiagiza mwezi mzima kabla, mifuko ya chini inaganda kwa unyevu. Saruji iwe saiti siku mbili kabla, juu ya vichaga, mbali na ukuta, rundo lisizidi mifuko 10 kwenda juu, na iliyoingia kwanza itoke kwanza.

Vitu vidogo ndivyo vinavyosimamisha kazi kubwa: waya wa kufungia, misumari, biskuti. Tumia ndoo mbili. Ndoo ya kwanza ikiisha, kadi iliyokuwa juu ya ndoo ya pili inakwenda kwa mtunza stoo, na hiyo ndiyo oda. Hakuna anayehitaji kukumbuka. Biskuti zifyatue angalau siku 7 kabla ya kuzitumia, kwa mchanganyiko usio dhaifu kuliko zege lenyewe, la sivyo zinapondeka chini ya mguu wa fundi na nondo inalala kwenye ubao. Ukija kubomoa utaiona nondo ikikuchungulia kutoka dari.

---

Mjengo_Nyali

Kutoka Mombasa, moja tu kuhusu mawe na tofali. Zisishushwe getini halafu zibebwe mara tatu. Ukuta wa mita 3 kwa 2.8 wa tofali za inchi sita unataka kama 84. Piga rangi sakafuni mahali pa kila rundo, acha mita 1.2 kutoka mstari wa ukuta kwa ajili ya jukwaa la fundi, andika idadi hapo hapo chini. Kijana wa kubeba hahitaji kuuliza mtu. Ila tofali moja imara ni karibu kilo 30, kwa hivyo 84 ni tani mbili na nusu. Zitawanye, wala usizipandishe juu ya slabu ambayo bado ina umri wa mirunda bila idhini ya injinia.

---

Takwimu_Saiti

Sasa teknolojia, maana ina kazi yake ikija baada ya ukuta wa vikaratasi.

Anza na michoro. Hasara kubwa ya WhatsApp ni mchoro uliofutwa kuendelea kuishi kwenye simu 31. Fundi anatafuta "boriti" kwenye kundi, anapata picha ya miezi miwili nyuma, anafunga nondo nne badala ya tano. Fungua folda moja ya mtandaoni yenye mchoro wa mwisho pekee, majina yawe na namba na toleo, mfano S-201-C. C ikiingia, B inahamishiwa folda ya ZILIZOFUTWA siku hiyo hiyo na mtu mmoja tu mwenye ruhusa. Kwenye ubao wa saiti bandika msimbo wa QR unaofungua folda hiyo. Karatasi zilizochapwa zipigwe muhuri wenye tarehe, na za zamani zikusanywe kabla mpya hazijatolewa. WhatsApp ibaki kwa kuitana, isiwe kabati la michoro.

Pili, jedwali la vikwazo, Google Sheets inatosha. Safu sita: kazi, tarehe inayoanza, kikwazo, jina la mtu mmoja wa kukiondoa, tarehe aliyoahidi, kimeondoka au bado. Mtu mmoja, siyo "ofisi" wala "mkandarasi mdogo". Angalia wiki tatu mpaka sita mbele, na kwa kila kazi uliza maswali saba: maelekezo na michoro ipo? Vifaa? Watu? Mashine? Nafasi ya kufanyia? Kazi iliyotangulia imekwisha? Mambo ya nje kama vibali, ukaguzi na mvua? Kazi yenye "hapana" hata moja haingii kwenye mpango wa wiki ijayo, hata bosi akipiga meza. Hilo ndilo gumu kuliko programu yoyote.

Tatu, taarifa ya kila siku. KoboToolbox ina fomu za bure zinazojazwa kwenye simu bila mtandao na kutumwa mtandao ukirudi. Maswali yasizidi tisa: kanda, fani, idadi ya watu, kilichopangwa, kilichokamilika, sababu ya kisichokamilika (achague kwenye orodha, asiandike insha), saa za kusubiri, picha mbili, ajali au hatari. Fomu ya maswali 40 itajazwa kwa uaminifu siku tatu, kuanzia ya nne inajazwa jioni kwa kukisia. Picha zipigwe kutoka sehemu zilezile zilizowekwa alama ya rangi, ndipo utaweza kulinganisha wiki na wiki. Kabla ya zege piga kila paipu ukiwa umeweka futikamba ndani ya picha. Miaka miwili baadaye mtu akitaka kutoboa dari, picha hiyo inaokoa waya na bomba.

BIM, yaani kulijenga jengo kwanza ndani ya kompyuta kwa mfano wa pande tatu, kwa jengo la ukubwa huu haina haja ya kuchora kila tofali. Chora sehemu zenye msongamano: vyoo, mashimo ya kupitishia mabomba, ngazi, chumba cha pampu. Bomba la maji machafu la milimita 110 likigonga boriti ndani ya kompyuta, unalisogeza kwa dakika tano. Likigonga baada ya zege, mtu ataleta mashine ya kutoboa na kukata nondo za boriti, na mara nyingi atafanya hivyo injinia akiwa hayupo.

---

Fomeni_Kinyerezi

Nashukuru sana wakuu, nimeanza kuona njia. Mirunda tunayo 300 tu, kwa hiyo jibu la kwanza nimelipata.

Maswali mawili. Mafundi wetu wanalipwa kwa kazi, siyo kwa siku. Ukimuuliza "utamaliza Ijumaa?" kila mmoja anasema "sawa bosi". Nitapataje ahadi ya kweli? Na hiyo asilimia ya ahadi zilizotimia, kama ile aliyoipima Ballard, inahesabiwaje, na mtu si ataichezea?

---

Mpanga_Ratiba

Swali la "utamaliza Ijumaa?" lina jibu moja tu kwa mtu anayetegemea kazi yako, kwa hiyo usiliulize. Uliza: "Nini kinaweza kukuzuia usimalize Ijumaa?" Atakwambia mambo matatu bila kusita, na mawili kati yake ni ya kwako kuyaondoa: mashine ya kukata, mchoro, njia ya kupita. Mara ya kwanza fundi atakaposema "Ijumaa haiwezekani, labda Jumatatu", mshukuru mbele ya wenzake na ubadilishe mpango. Ukimgombeza, "sawa bosi" zitarudi kwa miezi yote iliyobaki.

Kuhesabu ni rahisi. Kazi 25 ziliahidiwa, 18 zimeisha kabisa: asilimia 72. Iliyofika asilimia 90 ni sifuri, kwa sababu anayefuata hawezi kuingia. Na ndiyo, inachezewa. Mtu anapasua kazi moja kuwa tano ndogo, au anaahidi mambo mepesi. Itazame pamoja na kipimo cha pili: kati ya kazi ambazo ratiba ya wiki tatu zilizopita ilisema zifanyike wiki hii, ni ngapi zimeingia kwenye mpango wa wiki? Asilimia ya ahadi ikiwa 90 na hiyo ya pili ikiwa 40, mnatimiza ahadi ndogo huku jengo limesimama. Wala usiifunge asilimia hiyo kwenye malipo au adhabu. Siku utakayomkata mtu pesa kwa asilimia, ndiyo siku ya mwisho kupata namba ya kweli.

---

Mkadiriaji_Majenzi

Malipo yafungwe kwenye makabidhiano. Gawa bei ya fundi kwa kanda, halafu sehemu ya mwisho ya kila kanda, tuseme asilimia 20, itoke pale fani inayofuata inaposaini kwamba imeipokea. Fundi nondo ndiye anayesaini kazi ya seremala: usawa, mianya iliyozibwa, ubao umepakwa mafuta kabla nondo hazijalala. Yeye ndiye atakayeteseka ikiwa mbovu, kwa hiyo hasaini kwa urafiki. Na bei iwe imeandikwa hivyo kabla hajaanza, usije ukaibadilisha katikati.

---

Takwimu_Saiti

Kuhusu ukaguzi wa mshauri: uweke kama kikaratasi ukutani chenye jina la mtu, siku mbili kabla ya zege, na kingine siku moja kabla yake cha ukaguzi wenu wa ndani kwa fomu ileile atakayotumia mshauri. Nafasi za nondo, urefu wa maungio, biskuti, paipu, usafi wa ndani ya boriti, mirunda kusimama wima na juu ya msingi imara. Mshauri akija akute imeshasahihishwa.

Kazi isipotimia, uliza "kwa nini" mpaka ufike mahali panapoweza kurekebishwa. Nondo hazikuisha. Kwa nini? Ringi, yaani nondo za kukunja zinazozungushiwa nondo kuu, zilikosekana. Kwa nini? Mashine ya kukunja ilikuwa inakunja za nguzo. Kwa nini? Orodha ya nguzo na ya boriti zilitolewa siku moja. Kwa nini? Ofisi inatoa orodha mchoro ukifika, haifuati mpangilio wa kanda. Hapo sasa mtu wa ofisini anabadilisha kitu kimoja: orodha ya kukunja inatoka kwa kanda, siku 5 kabla.

---

Zege_na_Mirunda

Na kwa mirunda 300, kabla hujatafuta ya kukodi: siku 12 isahau kwa sasa. Seti mbili za kanda moja ni 264, zinazobaki 36 ni za boriti, na lazima usubiri siku 10 za A ndipo mirunda ihame. Peleka hesabu hizo mbili kwa mwenye mradi: gharama ya kukodi mirunda inayopungua kwa miezi mitatu, na gharama ya siku zinazoongezeka kwa kila slabu. Zile pesa za programu zinaweza kuanzia hapo.